Povu Lisilosuuzwa

Jumatatu, 4 Agosti
Naosha mitungi miwili ya plastiki tangu asubuhi. Sabuni kwanza, kisha maji mengi hadi sabuni yote iishe. Halafu dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tikisa, mwaga, acha povu. Usisuuze. Maji yetu tunayachota kwenye mchanga wa mto. Ukisuuza nayo unarudisha vijidudu ulivyoua.

Ni kaluvu, pombe yetu ya asali, kwa ajili ya ntheo ya mwanangu Mutua, sherehe ya kupeleka mbuzi wa posa. Tarehe 16 tutaipeleka Migwani pamoja na mbuzi, kwa wazazi wa msichana. Ikiwa mbovu, wazee wa kule wataturudisha mlangoni na mbuzi wetu. Haitakuwa mbovu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mtungi mmoja unachemka vizuri. Wa pili una utando mweupe na harufu ya siki. Nimekasirika. Nimekagua mfuniko, asali, hamira. Vyote sawa. Nikamuuliza mke wangu, Ndunge. Kumbe nilipotoka kwenda kuchukua asali alisuuza huo mmoja.

"Baba Mutua, wakwe wanywe povu la sabuni, halafu waseme kwa Ndunge hakuna maji?"

Kwetu mgeni husuuziwa kikombe mbele ya macho yake. Asiyesuuza ni mvivu, au anamnyima mgeni maji. Nalijua hilo tangu utotoni. Bado nilimwachia mitungi yenye povu bila maelezo. Mimi, mwalimu wa kueleza kila kitu.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumemwaga iliyoharibika. Mtungi mmoja hauwatoshi wazee wa pande mbili. Ndunge amempigia simu kaka yake wa Mbumbuni; asali imefika kabla ya chakula cha mchana.

Nilimpa povu kidogo kwenye ncha ya kidole. Alilamba, akakunja uso. Kali kama ndimu. Si sabuni, nikamweleza, ni asidi, na kwa kipimo hiki inapotea ndani ya asali. Nilikuwa naendelea. Akasema somo limetosha, ana kazi. Akatikisa mtungi mwenyewe, akaumwaga, akauacha na povu lake.

Siku ni chache. Sina hofu. Ninayo kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti
Pombe mpya bado tamu mno, haijakolea. Nimeusogeza mtungi mpya karibu na mafiga. Hamira hupenda joto. Mutua amepiga simu tena. Nimemwambia itakuwa tayari. Ndunge, ambaye hajawahi kuonja pombe, ameiombea.

Jumamosi, 16 Agosti
Migwani. Mjomba wa msichana ndiye aliyeonja kwa niaba ya wenzake, kutoka mtungi mpya. Akanusa. Akanywa. Akakizungusha kikombe mpaka Mutua akaanza kukuna shingo.

"Mwalimu, mitungi ilioshwa na nani?"

Nikamwonyesha Ndunge.

"Mama, mkono wako ni safi. Tumiminie wazee."

Jumapili, 17 Agosti
Ndunge ameenda kanisani. Nimechelewa kuamka. Chai ilikuwa imepoa. Nikainywa hivyo hivyo. Zizi liko kimya. Mbuzi wamelala Migwani.