Vidonge Alivyoniuzia Minza

Bariadi

Dada yangu Eufemia,

Barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaunguza mboga. Hamjambo hapo Songea? Baba anaendeleaje na miguu yake? Mahindi mmepata ya kutosha, au mvua iliwakimbia kama ilivyotukimbia sisi? Huku tu wazima. Pamba imeanza kununuliwa, kwa hiyo shemeji yako Masanja hakai nyumbani, yuko na lori kati ya vijiji na kiwanda cha kuchambulia. Watoto wananisengenya kwa Kisukuma mbele yangu, wanadhani sielewi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtoto wa nyumba hiyo, na haya nataka uyasome peke yako. Ni wewe uliyenisindikiza siku nilipoanza dawa. Sina cha kukuficha.

Unamkumbuka Minza? Ndiye niliyekutana naye kliniki nilipohamia huku na Masanja, sijui mtu, sijui njia. Naye anameza ARV kama mimi. Ndiye aliyenifundisha kusema "mwangaluka" asubuhi ili wakwe wasinione nina majivuno. Nilipojifungua alinifulia nepi, na tulipokwenda kumpima mtoto damu alinishika mkono mpaka majibu yakatoka mazuri. Siri yangu ilikuwa kwake na yake kwangu. Dada, nilimpenda kama ninavyokupenda wewe.

Tangu tulipobadilishiwa dawa nimenenepa sana. Huku kunenepa ni sifa. Mama mkwe wangu wa Bukundi akiniona anapiga vigelegele, anasema mwanawe anajua kulisha. Lakini magoti yananiuma, na kukaa kwenye cherehani kutwa kumekuwa kazi. Nikamlalamikia Minza. Ana duka la vipodozi pale sokoni. Akanitolea vidonge kwenye kifuko kisicho na jina.

"Haviingiliani na dawa zetu?" nikamuuliza.

"Skola! Mimi na wewe tunameza dawa moja. Naweza kukupa kitu kibaya?"

"Basi ngoja nimwambie nesi."

"Utafokewa bure. Wale wanataka tubaki hivihivi."

Nikamwamini. Mwili ukaanza kupungua kweli. Choo kikawa hakinipi nafasi, natoa kitu chenye mafuta, na moyo unadunda kama nimekimbizwa wakati nimekaa tu nashona. Minza akasema ndiyo uchafu unaotoka huo, nivumilie. Gauni langu la ndoa likanienea, nikafurahi kama mjinga.

Nikaenda kuchukuliwa damu ya kupima wingi wa virusi, kama kawaida. Majibu yalipotoka daktari akaniita ndani. Ni msichana mdogo tu, mpole.

"Mama, miaka yote virusi vyako havionekani. Sasa vimeonekana. Umeacha dawa?"

"Sijaacha hata siku moja."

"Kuna kitu kingine unakunywa?"

Nikatoa kile kifuko kwenye pochi. Akakigeuza huku na huku, akanusa.

"Kilichomo humu sikijui, na hicho ndicho kinachonitisha," akasema. "Zipo dawa za kupunguza mwili zinazozuia mafuta yasiingie mwilini, na zinaweza kuizuia dawa yako pia. Nyingine zinakimbiza moyo na kupandisha presha. Kuhara nako kunaweza kuitoa dawa kabla haijafanya kazi. Viache leo. ARV usiziache."

Kisha, Dada, akaniambia jambo lililoniuma kuliko kufokewa. Alisema unene unatibika hata kwa sisi wenye virusi. Wanapima presha na sukari, wanaangalia unachokula na unavyotembea, na ikibidi zipo dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia akishajua kila unachomeza. Hata vidonge vya kuongeza damu vina saa yake, havimezwi ovyo pamoja na dawa zetu. "Ungeniuliza tu," akasema.

Njiani nilikuwa namwaza Masanja. Yeye hana virusi, unajua. Tuliishi bila woga kwa sababu vyangu havikuonekana, na visivyoonekana haviambukizi. Nilimkuta anaosha lori, nikamweleza yote. Akakaa kwenye ngazi ya lori, akasema, "Twende wote." Akapimwa, yuko salama. Aliambiwa arudi baada ya muda, akarudi, bado yuko salama. Mungu ashukuriwe. Lakini siku zile za kusubiri sikuweza kumtazama akila.

Nikaenda dukani kwa Minza.

"Minza, wewe unavimeza vile vidonge?"

Akacheka. "Mimi? Siwezi, nesi alishanikataza. Nina dawa zangu."

Ndipo akasikia alichokisema.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

Akaanza kupanga makopo ya mafuta. "Kila mtu na mwili wake. Na wewe ulivitaka mwenyewe." Mteja akaingia, na Minza akageuka akamkaribisha kwa ile sauti tamu aliyokuwa akiniitia mimi: "Karibu, mpenzi. Tumbo hilo mbona linaondoka!"

Nilirudi kwa daktari nikamtajia duka, maana wengine walikuwa wananunua. Wakaguzi wa dawa wakaja, wakabeba vile vidonge. Minza akajua ni mimi. Haikuchukua muda, soko zima likajua nina virusi. Mama mmoja akaja kuchukua kitenge chake kabla sijakikata, anasema amebadili mawazo, na kiti changu hakukikalia. Maneno yanayosemwa yana mambo ambayo hakuna aliyeyajua isipokuwa yeye, hata jinsi nilivyolia siku ya kumpima mtoto.

Wapo wanaoniuliza, "Mbona Minza anayajua ya kliniki vizuri hivyo?" Neno moja tu lingetosha, Dada. Sijalisema. Si kwamba namhurumia. Nimeonja linavyouma, basi.

Wiki iliyopita nilipata majibu mapya. Virusi havionekani tena. Nilitoka kliniki nina furaha, nikatoa simu, na kidole kikawa tayari kwenye jina la Minza. Miaka yote nimempigia yeye kwanza. Nikasimama pale getini, watu wananipita, sijui nimpigie nani.

Umeniambia Oliva wako anatafuta dawa ya kupunguza mwili mtandaoni. Mkataze, mama yake. Aende hospitali akaulize, hata kama anayemuuzia ni rafiki yake.

Baba mpe salamu zangu, mwambie tu kwamba mwanawe ni mzima. Msalimie shemeji yangu mwalimu, na shangazi aliyenilea mama alipofariki, na mdogo wetu wa mwisho aliyeko jeshini akija likizo. Masanja anakusalimu, anasema unga mliotutumia ulikuwa mtamu.

Usinijibu kwa simu. Niandikie, hata ukurasa mmoja, niusome mara nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika