Dreva Mpya Iko Chini ya Thamosi

Mghoi,

Usiwashe kompyuta kabla hujasoma hapa. Baba ameigusa.

Ulipoenda mazoezi ya kwaya asubuhi, skrini ilikuwa bado inacheza mistari, na michoro yako ya chuo inatakiwa leo jioni. Ukaniambia, "Baba, wewe shika spana zako." Sawa. Lakini mimi hata pampu siifungii kifaa kipya juu ya kutu.

Kwanza nimeweka michoro yote kwenye flashi. Halafu nimeondoa dreva ya zamani, ile programu inayoendesha skrini, kupitia orodha ya programu. Kaka yako Morris alitaka kufuta mafaili kwa mkono, nikamfukuza.

Ukiwasha, maandishi yatakuwa makubwa kama ya bango la mazishi. Usilie. Dreva mpya nimeipakua, iko kwenye flashi hiyo hiyo, chini ya thamosi. Iweke, zima, washa tena.

~~Tafadhali usiwashe intaneti kabla hujamaliza.~~ Nakujua, utawasha, na kompyuta itajivutia dreva yake yenyewe. Kwa hivyo ruta ya intaneti nimeenda nayo kazini Rukanga, iko kwenye mfuko wa spana. Nitairudisha mapema, utume michoro.

Ulinikataza kugusa kompyuta. Ruta hukuitaja.

Baba yako