Mikrobe Yenye Haiogope Dawa

Beni, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Baba yangu mupendwa,

Pokea salamu nyingi toka huku Beni. Mimi niko muzima, nakula, nalala muzuri, na mvua inatunyeshea karibu kila siku. Mama anaendelea aje na mugongo? Na wewe, kifua haisumbue? Nampatia Abdias, dereva wa bisi, barua hii, maana wewe na telefoni hamupatane: mimi naongea, wewe unajibu kitu ingine, na jirani bote bananisikia nikipiga kelele.

Mu Noël uliniuliza kama kweli nilisoma miaka yote ile juu ya kuchunga maji ya vyoo. Ulicheka, na mimi nilicheka, mais nilirudi huku nikiwaza. Leo nakueleza.

Maji muchafu ya muji, ya manyumba, ya soko na ya kliniki, inashuka mu mifereji mpaka ku bassin zetu, mabwawa makubwa ya kusafishia maji, chini ya commune Ruwenzori. Inapumzika mu bassin ya kwanza, uchafu unashuka chini. Inapita mu zingine, jua inaipiga. Kisha inatoka na kuenda upande wa Mavivi, kwenye bamama banalima lenga-lenga, shu na vitunguu, na banamwangia mboga maji ile. Kazi yangu ni kupima mu labo kama yenye inatoka haina hatari.

Mwezi uliopita, mama moja kati ya balimaji bale, jina yake Gracieuse, alijikata muguu na jembe. Kidonda kikaoza. Ku hospitali balimupiga sindano za antibiotike asubui na magaribi, mais muguu ilizidi kuvimba. Docteur akaanza kusema ikatwe. Mbele ya kukata, akatuma usaha kwetu, maana labo yetu iko na vyombo vya kujaribu dawa.

Tunafanya hivi, Baba. Tunapanda mikrobe mu kisahani, kisha tunaweka juu yake vikaratasi vidogo, kila kimoja na dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, mikrobe inakufa pembeni yake na panabaki duara safi. Ya Gracieuse ilimea mpaka ikagusa vikaratasi. Dawa ya kwanza, hakuna duara. Ya pili, hakuna. Nilianza kuogopa. Kikaratasi kimoja tu, cha pembeni kabisa, ndicho kilikuwa na duara. Nilikimbia kwa docteur na miguu yangu, sikungojea hata moto, pikipiki ya kunibeba. Balimubadilishia dawa. Leo Gracieuse anatembea.

Nilifurahi sana. Kisha nikafanya kitu chenye hakuna mutu aliniomba: nilijaribu dawa zilezile ku maji yenye inatoka mu bassin zetu. Baba, mikrobe ya namna ileile iko ndani, na dawa haziiweze.

Mutoto wako,
Joyeuse

&nbsp;

Butembo, tarehe 25 mwezi wa pili 2024

Joyeuse, mutoto wangu,

Abdias alifika, na barua ilikuwa kavu. Sisi wazima. Mugongo ya mama yako inamusumbua wakati ya baridi tu, na baridi ya Butembo unaijua. Bandugu ya Kasugho balituletea ndizi; ungekuwa hapa ungekula mpaka ukatae.

Barua yako niliisoma kwanza pekee yangu. Kisha mbele ya mama yako. Kisha mbele ya jirani benye balikuya kuomba chumvi, nao bakasahau chumvi. Kucheka kwangu kwa Noël, nakurudisha. Mutu anaokoa muguu ya mutu na kisahani! Mimi sitacheka tena maji ya vyoo.

Unajua juu ya nini niko kiziwi. Ulikuwa bado mu mugongo wa mama yako wakati nilianza kutapika damu. Sindano za kifua kikuu zilinikula masikio, mais zilinirudisha kwenu. Batu bananihurumia. Mimi sijutie hata kidogo: nilitoa masikio, nikapata pumuzi. Sasa wewe unaniambia kuna mikrobe yenye haiogope dawa. Niliwaza: kama yangu haingeogopa ile sindano, wewe ungesema « Baba » kwa nani? Neno ile ilinishika roho.

Nakuuliza kitu kimoja, kama maçon, mujenzi wa manyumba. Nyumba ikivuja, mimi sipanguze chini kila asubui. Napanda juu, natafuta tundu. Mikrobe ile inaingilia wapi? Fuata maji mpaka juu.

Mama yako anasema uvae viatu vya kufunika mu mufereji.

Baba yako,
Lusenge

&nbsp;

Beni, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Baba na Mama,

Mu nyumba bote muko wazima? Mimi mwili uko muzima, roho ndiyo imechoka. Nilikawia kuandika kwa sababu barabara ilifungwa juu ya masasi ya vita, na wakati ilifunguliwa sikuwa na habari nzuri ya kuwatumia.

Nilifanya vile ulisema. Nilichota maji mu mufereji, toka ku bassin nikipanda mu muji, kwenye kila mufereji mudogo unaingia. Na viatu vya kufunika, Mama. Nilifika ku bomba ya kliniki moja kubwa. Juu ya bomba ile, dawa bado zinaua mikrobe nyingi. Chini yake, haziue tena. Kliniki inamwanga vyote mu mufereji bila kusafisha, maji ya vidonda na dawa zenye zimebaki. Mikrobe inakutana na dawa kidogo kidogo kila siku. Zenye uzaifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki na kuzaa. Bassin zetu hazikujengwa kwa kazi ile.

Nilienda kwanza kwa bamama ya upande wa Mavivi, nikafunga bomba yenye inabapelekea maji yetu, nikabaambia baache kuimwangia mboga mpaka tupate njia. Gracieuse alisimama, anachechemea bado.

« Joyeuse, uliniokolea muguu, sasa unaniua tumbo! Nani atanunua lenga-lenga yetu, ukisema neno ile ku soko? »

« Mama Gracieuse, ni maji hii ilifanya dawa ishindwe kwako. »

« Basi tupatie maji ingine! »

Niliondoka, na nyuma yangu bamama balikuwa banasema mambo yenye sitaandika.

Kisha mwenye kliniki alikuya ku bureau yetu. Chef wangu, Monsieur Melchior, aliniita. Mwenye kliniki hakunitazama hata. Alimuambia Melchior: « Huyu binti aandike kama alikosea kupima. » Melchior aliinama. Mimi nilisema: « Sikukosea. Nilipima, nikarudilia. Mukitaka, twende pamoja tuchote sasa hivi. » Hakuna mutu alisimama.

Kesho yake Melchior aliniomba funguo za labo. Alisema ni kwa muda, mpaka maneno itulie.

Niko nyumbani. Nikipita, batu banaongea polepole. Baba, kuandika « nilikosea » ni kitu kifupi sana, na ningerudi ku kazi yangu kesho. Mais mukono inakataa.

Mutoto wenu,
Joyeuse

&nbsp;

Butembo, tarehe 23 mwezi wa ine 2024

Joyeuse,

Salamu nitakupatia mwenyewe. Nakuya na Abdias siku ya ine ya juma hii. Mama yako amefua koti yangu ya misa, na mimi nimeweka vyombo vya kazi mu mufuko, maana sijue kukaa bure pahali.

Hapana kuandika neno ile. Mukono yako iko na haki.

Baba

&nbsp;

Butembo, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Joyeuse wangu,

Nilifika muzuri. Mama yako alinitazama toka kichwa mpaka viatu, akaandika ku mukono wangu: « Umekonda. » Mais alipika kuku, donc hakukasirika sana. Anakusalimia. Wewe ulibaki aje? Unakula, ao unapima maji tu?

Kuna mambo sikukuambia siku zote zenye tulikuwa pamoja, kwa sababu ku chantier, pale tulijenga bassin ya kliniki, mutu hapati nafasi. Nakuandikia leo.

Siku ya mukutano mu salle ya commune, nilikaa nyuma. Unajua sikusikia neno hata moja. Basi nilitazama. Bamama ya Mavivi balikuwa mbele, mikono imefungwa ku kifua. Ni bao balikuwa bameomba mukutano, bakupatishe haya mbele ya muji. Mwenye kliniki alikuwa anacheka na batu ya pembeni yake. Melchior alikuwa anatazama viatu vyake. Na wewe ulisimama na visahani viwili tu, vyenye ulibaki navyo nyumbani wakati Melchior alikamata funguo, kimoja cha maji ya juu ya bomba, kimoja cha maji ya chini.

Nilitazama mikono yako. Iliinua visahani juu, batu bote baone. Mimi yangu niliiweka chini ya koti.

Ulibapatia visahani, vimefungwa nguvu, vikapita kiti kwa kiti. Kila mutu alitazama kimoja, chenye duara safi, akatazama kingine, chenye hakina, kisha akatazama jirani yake. Hapo mikono ikaanza kufunguka. Mwenye kliniki akasimama, akapanua kinywa, mishipa ya shingo ikatoka. Hakuna lazima ya masikio: nilijua anakuita muongo. Nilitaka kusimama.

Gracieuse alinitangulia. Alipanda juu ya kiti, akainua kikwembe mpaka ku goti, na kovu ile ndefu batu bote baliiona. Akasema kitu kifupi. Salle yote ikageuka kumutazama mwenye kliniki, na Melchior akaacha viatu vyake, akatoka mu kiti, akakuya kusimama pembeni yako. Mpaka leo sijue Gracieuse alisema nini. Niandikie.

Kisha bassin. Kliniki ilipokubali kujenga yake, na Melchior akakurudishia funguo mbele ya bote, nilifungua mufuko yangu. Ulinichorea namna maji inapaswa kuzunguka kati ya kuta, ipite polepole, klori ipate wakati ya kuua. Nilijenga manyumba mu maisha yangu, nilijenga kanisa, nilijenga shule kwenye wewe mwenyewe ulijifunza kuandika. Hata siku moja sikujenga kitu chenye mutoto wangu alichora. Ukuta moja ulipinda kidogo. Bamaçon benzangu balisema itafunikwa na maji, hakuna mutu ataiona. Niliivunja. Haukujua, ulikuwa ku labo.

Na kuna siku ingine haukuwa pale. Mwenye kliniki alikuya kutazama kazi. Alizunguka bassin, akakamata chaki, akaniandikia ku ubao: « Ule binti ni wako? »

Unajua sauti yangu, siwezi kuipima. Nilimujibu: « NI WANGU! » Bamaçon bote baliacha kazi. Mugonjwa moja alitokea ku dirisha. Mwenye kliniki alirudi nyuma kama mutu alimwangiwa maji. Sikuona haya. Nilirudilia.

Baba yako,
Lusenge

&nbsp;

Beni, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Baba, Mama,

Wasingya, aksanti sana, kwa maharagi yenye mulinitumia; Abdias aliifikisha yote, hata mufuko haukupasuka. Mimi niko muzima, nakula, na Mama aache kuuliza. Niliposoma kama ulimupigia mwenye kliniki kelele vile, nilicheka, kisha nikaenda kukaa pekee yangu kidogo. Kumbe ndiyo maana bamaçon bananiita « Ni Wangu » kila nikipita.

Gracieuse alisema hivi: « Wakati huyu binti alipima muguu yangu, hakukosea. Leo ndiyo amekosea? » Basi. Hakuongeza kitu.

Sasa résultat. Tulingojea bassin ya kliniki ifanye kazi muda murefu, nikapima, Melchior akapima, kisha tukatuma maji ku labo ingine mbali na Beni, mutu asiseme ni sisi tunajipendelea. Bote tulipata kitu kimoja. Sitawadanganya: mikrobe ile haikuisha. Iko bado mu udongo wa mufereji, na itaomba kazi ya miaka. Mais mu maji yenye inatoka ku bassin zetu, imepunguka sana, mpaka mboga zinaweza kumwangiwa tena, kama bamama banamwanga ku mizizi na si ku majani, na mutu anasafisha mboga muzuri mbele ya kupika. Niliandika rapport. Melchior alinirudishia kalamu, akasema: « Tia jina yako, si yangu. » Nilitia yote: Joyeuse Kahindo Lusenge. Batu ya Butembo banaomba nikuye mwezi ujao kufundisha bengine kupima mifereji yenu. Mutengeneze kitanda.

Jana tulienda kufungua maji. Toka mwezi wa ine bamama balikuwa banachota ku chemchem ya mbali, na ndoo ku kichwa. Balikuwa bote pale, na majembe, na vikwembe vya sikukuu kama banaenda ku misa. Melchior alitaka afungue yeye, kama chef. Gracieuse alimusimamisha na mukono.

« Hapana. Yeye alifunga, yeye afungue. »

Nilikamata gurudumu ya bomba. Ilikuwa nguvu, ilikuwa imeshika kutu. Gracieuse akashika upande ingine, tukazungusha pamoja. Kwanza pumuzi ilitoka, kisha matope, kisha maji. Ilishuka mu mufereji, ikagawanyika mu misitari ya lenga-lenga, moja moja, mpaka kule mwisho kwenye tunaona ndege zikishuka ku uwanja wa Mavivi. Bamama bakapiga vigelegele. Baba, nililia mbele ya batu bote, mu koti yangu nyeupe ya labo, nimesimama katikati ya maji.

Gracieuse alinitazama, macho yake nayo iko na machozi. Kisha akanisukuma ku bega:

« Toka mu mufereji, mutoto. Unatufungia maji. »

Nikatoka. Ikapita.

Mutoto wenu,
Joyeuse