Jiwe Lililotaka Kukaa

Kiseke, 4 Februari 2024

Mwanangu Evelina,

Kabla ya salamu, nina jambo nimelificha: nasoma vitabu vyako. Vyote sita. Nimevifunika kwa kurasa za kalenda ya kanisa ili dada yako Roza adhani ni vitabu vya nyimbo.

Sasa salamu. U mzima? Arusha kuna baridi? Mimi moyo umevimba. Daktari huongea na Roza nje ya mlango, na nilipokuwa mwalimu nami niliwaita wazazi nje ya mlango hivyo hivyo, kwa hiyo najua maana yake.

Juzi nilicheka mpaka Roza akaja mbio na dawa. Ni pale Modesta, yule fundi bomba wako, anapofungua koki Kirumba akatoka nyoka wa ziwani kavaa tai, anauliza usaili wa kazi uko chumba gani.

"Baba, unacheka nini?"

"Zaburi."

"Zaburi ya ngapi hiyo?"

Nikafumba macho.

Tangu hapo kila asubuhi nayatazama mawe ya mlima huu, na kila asubuhi naona yamesogea kidogo kuelekea ziwani, taratibu, kama wazee wanaotoka ibadani. Kitabu cha saba kinatoka lini? Nauliza kwa kuwa nina haraka kidogo.

Baba yako,
Nathaniel


Arusha, 20 Februari 2024

Shikamoo baba,

Pole kwa kuumwa. Sisi hatujambo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Miaka ishirini na sita, baba. Unaikumbuka Jumapili ile ya kuchoma hirizi? Wewe, mzee wa kanisa, ulilitupa daftari langu motoni pamoja na pembe na mizizi ya watu, waumini wakiimba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ndani ya daftari hilo ndimo alimozaliwa Modesta. Ndimo lilimokuwa Jiwe linalokwenda kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua ya kuruhusiwa kukaa.

Kitabu cha saba ni cha hilo Jiwe. Mtendaji analiuliza, "Kwa nini umesimama miaka yote hii?" Jibu nililiandika utotoni, nimelisahau, na kila ninaloandika sasa ni jibu la mtu mzima. Halichekeshi. Nimeshamwambia mchapishaji kwamba hakuna cha saba.

Mwanao,
Evelina


Kiseke, 1 Machi 2024

Mwanangu Evelina,

Salamu. Barua yako nimeipata. Huku mvua zimeanza vizuri. Shangazi yako wa Misungwi ameleta viazi, vitamu sana.

Baba yako,
Nathaniel


Arusha, 19 Machi 2024

Shikamoo baba,

Nilikuandikia kuhusu daftari, ukanijibu kuhusu viazi. Usiniandikie tena.

Evelina


Kiseke, 7 Aprili 2024

Mwanangu Evelina,

Sijui kama u mzima, kwa kuwa hukutaka nikuulize. Roza alitaka aniandikie, nikakataa. Hii ni yangu.

Usiku nalala kidogo, mchana naota sana. Jana Modesta alikuja na spana yake, akakaa pale mlangoni anaposimama daktari. Akasema, "Mzee, wewe bomba lako limeziba. Zibua." Nami nazibua.

Jumamosi ile ya mwaka 1998 nilichukua daftari lako ili nipate cha kukukemea. Nikasoma mpaka taa ikaisha mafuta. Mama yako alidhani nalia.

Kesho yake mchungaji, aliyekwisha kusikia habari zake, alilitaka daftari lako mbele ya watu wote. Jumatatu yake mkaguzi alifika shuleni, akataka maandalio yangu ya masomo. Sikuwa nayo. Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na mitatu ya kazi. Ningekwambia wewe, mchungaji angesikia, na nilikuwa Mzee Nathaniel. Nikasema nitakwambia mwakani. Kisha ukaondoka.

Jiwe lilimjibu mtendaji hivi: "Kukaa nilitaka tangu zamani. Lakini watu walizoea kuniita Mzee Jiwe, nikaogopa nikikaa wataniita kokoto."

Ukurasa wa kumi na tisa, kwa penseli. Umechora na kokoto pembeni, lina miwani yangu.

Roza ataniinulia godoro utakapofika, au atakuinulia wewe mwenyewe, kama nitakuwa nimeshakaa. Madaftari yote mawili yalikuwa na majalada mekundu, mwanangu. Nililochoma ni langu la maandalio. Lako sikulichoma.

Baba yako,
Nathaniel