Tonge la Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Jana mama yako kanambia kuwa Jumatatu daktari atakupitisha mrija puani, apime presha pale umio unapoingia tumboni. Malindi hatujambo.

Wauliza kama kwetu yuko mwingine aliyekwamwa na chakula. Yuko: dada yangu Zuhura. Miaka ya themanini, akiwa bibi harusi, alitema tonge mbele ya mamake mumewe.

"Chakula changu chamtia kinyaa," mama yule akasema.

Nami, kaka mtu, nikamwamuru Zuhura ameze. Akashindwa. Akapewa talaka.

Baadaye Nairobi madaktari wakampima kwa mrija hivyo hivyo, wakaona: mlango wa tumbo ulikuwa haufunguki. Nikamwomba radhi.

"Mrija umeuamini, kaka. Mimi hukuniamini."

Jumatatu saa mbili asubuhi nenda. Hadi hapo, nimemwambia mama yako asikulazimishe kumeza.

Babu yako