Nyumba ya Mkono wa Kulia wa Lango

Kawangware 56,
Nairobi.
11 Februari 1996

Kwa kaka yangu Dalmas,

Pokea salamu zangu, za Christine na za watoto wetu wawili. Sisi tu wazima, isipokuwa kidole gumba changu cha kushoto, ambacho nilikipiga nyundo Jumatatu, na ndicho kinachoshikilia karatasi hii, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usidhani nimeanza ulevi. Natumaini wewe, shemeji Rahab na mtoto hamjambo huko Changamwe, na kwamba joto mmelizoea. Naandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, ili shemeji ajisomee mwenyewe. Yaliyomo yanamhusu sawa na wewe. Barua zangu tatu za mwaka juzi hukuzijibu. Sikulaumu, hata za Baba hukuzijibu.

Siku tulipomzika Baba uliniuliza nafanya kazi gani hasa, nikakwambia useremala, kwa sababu watu walikuwa wengi na maelezo ni marefu. Kazi yangu ni kujenga vyumba ambavyo hakuna atakayelala ndani yake. Maonyesho ya kilimo yakikaribia, natengeneza vibanda vya wenye kuonyesha bidhaa. Kanisa likitaka zizi la Krismasi, au kikundi cha maigizo kikitaka sebule ya tajiri, wanakuja hapa 56 kunitafuta mimi na mwenzangu Shivachi, ambaye ndiye mpaka rangi. Tunaunga fremu za mbao nyepesi, tunavuta magunia juu yake, kisha tunapaka gundi iliyochanganywa na chokaa na unga wa mbao. Ukisimama hatua mbili ni ukuta wa udongo, una hata nyufa. Ukiusukuma kwa kidole unabonyea. Mtazamaji hukaa pale tulipomweka, nasi tunajenga kile tu anachoweza kuona kutoka hapo. Zaidi ya hicho ni kuharibu mbao.

Oktoba iliyopita alikuja mwalimu mmoja anayekaa mtaa wa Olympic, jina lake Audrey. Kikundi chake kilikuwa kinacheza mchezo wa ndugu wawili waliokosana, katika ukumbi wa kanisa moja ndani ya Kibera. Alisema watazamaji wake wengi wanakaa katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kitanda upande huu wa pazia na jiko upande ule, na angependa wakiingia ukumbini wajione wameketi uani kwao kijijini. Nilipenda wazo lake. Nikaondoa jukwaa kabisa, nikapanga mabenchi pande tatu, katikati nikaacha ua. Nyumba ya mama ikakaa mbele na nyumba za wana wawili karibu na lango. Kwa kuwa watu wangeziona kutoka pande zote, ilinibidi nizipe kuta nne na paa la nyasi la tabaka moja, jambo nisilolifanya kwa kawaida.

Siku ya kwanza mchezo haukufika mbali. Mzee Opondo, mlinzi mmoja wa Kibera aliyeketi benchi la mbele, alisimama na kuuliza kwa sauti ni nani amekufa katika boma hili, maana nyumba ya mwana wa kwanza, ambayo kwa desturi hukaa kulia, anaiona mkono wa kushoto wa lango. Wazee wengine wakaguna kumuunga mkono. Vijana wa nyuma wakampigia kelele kwamba buda aketi, show iendelee, kwani hiyo si nyumba ya ukweli. Mzee akajibu kwamba mkosi hauulizi kama nyumba ni ya ukweli. Kosa lilikuwa langu. Upande wa kulia kulikuwa na mlango wa watu kuingilia, nikaona nyumba ndogo ya mdogo itatosha vizuri pale. Ilibidi mimi na Shivachi tuzibebe nyumba mbili mbele ya umati mzima na kuzibadilisha, huku waigizaji wakisubiri na Shivachi, ambaye si Mjaluo, akininong'onezea kwamba sisi Wajaluo tuna kazi nyingi hata tukiwa tunacheza. Tulipoiweka ya kulia mahali pake watu walipiga makofi. Mzee Opondo akaizunguka yote, mikono nyuma, akarudi kuketi ameridhika.

Nilikitafakari kile kitendo kwa siku nyingi. Yule mzee amezaliwa katika nyumba kama ile, naye aliikubali kwa sababu iko mahali pake.

Kanuni yenyewe, kaka, huhitaji kufundishwa nami. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Wewe uliondoka ukiwa na miaka kumi na tisa, umegombana na Baba kwa ajili ya ile baiskeli, ukaapa hutachimba hata shimo la nguzo katika boma lake. Kiapo chako kilikufunga wewe mara moja, lakini kilinifunga mimi miaka saba. Kila Desemba tukienda nyumbani, Christine alilala jikoni kwa Mama na watoto, nami nikaenda kulala kwa mjomba, mtu mzima na suruali yangu mkononi. Wanawake wa kisimani walimuuliza mke wangu kama aliolewa na boma au na basi. Mwaka juzi aliniambia, bila hasira yoyote, kwamba hatarudi tena kule mpaka awe na mlango wa kufunga nyuma yake. Aliposema hivyo niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu anayejengea kila kikundi na kila kanisa la Nairobi, mkewe hana pa kulala kwao.

Sasa habari njema. Christine ana nyumba. Niliijenga Desemba, ya nguzo na udongo, mkono wa kushoto wa lango, vyumba viwili na dirisha linalotazama mchungwa. Tulilala humo Krismasi nzima, na alicheka hata alipounguza ugali.

Utauliza imekuwaje nikajenga ya kushoto na ya kulia haipo. Ya kulia ipo. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie, nami nalisema sasa kabla mkono haujaogopa.

Mchezo wa Audrey ulipokwisha sikuivunja ile nyumba ya mwana wa kwanza. Niliilegeza skrubu, nikaipakia kwenye lori lililokuwa linarudi magharibi tupu, na tarehe kumi na nane Desemba nikaisimamisha nyumbani kwetu kwa alasiri moja. Niliwaambia wazee kwamba ni yako. Nilisema umetuma neno kwamba umesamehe, na kwamba kazi ya bandarini imekuzuia kuja. Walipotaka kitu chako cha kusimama badala yako, niliwaonyesha koti, nikalitundika kwenye nguzo ya mlango. Koti hilo nililinunua mtumbani hapa 56. Wazee waliizunguka nyumba, mikono nyuma, kama Mzee Opondo. Wakasema Dalmas amefanya vyema. Siku ya pili yake nikachimba shimo la nguzo yangu ya kwanza.

Sikuwa na uwezo wa kujenga mbili, na moja nilikuwa nayo tayari. Huo ndio utetezi wangu wote. Nilikusemea msamaha ambao hukuutoa, na nilimdanganya Mama mbele ya watu wazima. Kwa hilo nasikitika, na ukitaka kunitukana anza hapo.

Mama aliipokea nyumba yako kwa vigelegele. Kila asubuhi huifagia ndani kabla ya yake. Ameweka chungu cha maji na kikombe kimoja, baadaye akaongeza cha pili kwa ajili ya shemeji, na jirani yeyote akitaka kuingia kupumzika anaambiwa asubiri wenyewe waje. Nilidhani kazi yangu imenitoa kimasomaso, wala sikujua nilikuwa nimemweka mtazamaji mmoja mahali pabaya. Mwenye kufagia hagusi nyumba kwa macho peke yake.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi langoni, Christine na watoto wakiwa wametangulia. Akaniambia kwamba mikono ya lile koti ni mifupi, na mwanawe wa kwanza alikuwa na mikono mirefu tangu akiwa mtoto. Akasema kwamba ukuta wa nyumba ya Dalmas ukiugonga unalia kama ngoma. Alijua tangu asubuhi ya kwanza alipoegemeza ufagio ukutani. Nilimuuliza mbona hakusema kitu mbele ya wazee. Akajibu kwamba Christine naye ni mtoto wa mtu, na kwamba yeye mwenyewe amengoja miaka mingi apate kitu chako cha kufagia, hata kama ni gunia. Kisha akanipa ujumbe nikuletee, nami naunakili alivyousema: mwambie mvua za Machi zikinyesha, wazee watajua, na mimi sitakuwa na la kuwajibu.

Kaka, ujumbe umefika. Nguzo kumi na mbili nimezilaza nyuma ya jiko la Mama, nazo nimezipaka oili chafu mchwa wasizile. Nyasi zimekatwa. Udongo upo, haujawahi kukosekana kwetu. Shimo la kwanza sitalichimba, maana hilo ni lako, na safari hii hakuna koti litakalokusimamia. Nitafika tarehe mbili Machi na msumeno wangu. Ukija, kiapo chako kitakuwa kimekwisha mikononi mwako. Usipokuja, nitawaeleza wazee mimi mwenyewe kabla ya wingu la kwanza, ili Mama asiulizwe, na nyumba yangu nitaibomoa nikiambiwa niibomoe. Christine nimeshamwambia. Aliuliza tu kama nauli ya kuja kwako Mombasa imepanda.

Msalimie sana shemeji Rahab, umwambie kikombe chake ni cha bluu. Mbusu mtoto ambaye bado sijamwona. Shivachi anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Osewe

Ukifika kabla yangu, usiegemee ukuta.