Yungiyungi Langu Madhabahuni

Akalla, Jumapili, Mei 2006

Hasira bado hazijaniisha. Mama Neema, mwenye nyumba wangu, kaingia chumbani bila hodi, kakata yungiyungi langu la porini hadi chini na kulipeleka kanisani.

"Ua muzuri hivi unamufichia nani?" ananiuliza mimi!

Ua la nini? Nilikuwa natunza majani. Vinasaba vyake vinaonyesha halina undugu wa karibu na mayungiyungi mengine, na Profesa anayenisimamia masomo anadai nilichafua sampuli. Kesho nirudie kipimo kwa jani bichi, la sivyo nilitoe kwenye utafiti. Na mche niliotoka nao Njombe kuja huku ughaibuni ni huo huo mmoja.

Basi nikamfuata kanisani. Mchungaji alipoanza kuomba na watu wakafumba macho, nikapanda madhabahuni, nikachuma majani yangu kwenye chombo cha maua. Mama Neema hakuwa amefumba.

"Umemuibia Mungu," kaniambia, na kaninunia hadi sasa.

Majani yako kwenye friji, kando ya samaki wake. Akiyagusa tu...

Sala yangu ni fupi. Ua nimekuachia, Bwana. Profesa niachie mimi.